Gramu Ishirini na Tatu

Kuna watu mtaani kwetu wanaosema mama mdogo wangu ni mwizi. Nawajua mmoja mmoja. Wengine wakinikuta njiani wanakatiza mazungumzo, halafu wananiuliza habari za nyumbani kwa sauti ya kunionea huruma. Habari za nyumbani ni nzuri sana, asanteni. Mama mdogo aliiba kidani mchana kweupe, akakivaa shingoni, akapita nacho mbele ya mlinzi, mbele ya tajiri wake na mbele ya wapelelezi wawili, siku baada ya siku, na ukimuuliza leo atakwambia angekiiba tena. Kama huo ni wizi, basi mimi ni mtoto wa mwizi na sitafuti pa kujificha.

Ni mwanamke mfupi, ana mwanya, ana maneno matamu. Anaweza kumwomba mtu kiti alichokalia, mtu akasimama, akampa, na bado akamshukuru. Marehemu mama yangu, ambaye ni dada yake, alikuwa akisema mdogo wake huyu alizaliwa anacheka mpaka mkunga akasahau kumkata kitovu. Mama alipofariki nilikuwa na miaka tisa. Aliyenilea ni huyu, pamoja na Bibi, vyumba viwili na kitanda kimoja kikubwa, na sikumbuki siku hata moja aliyonifanya nijione mzigo. Kwa hiyo mkinisikia naongea kwa ukali, mjue natokea wapi.

Kazi yake kwa miaka kumi na tisa ilikuwa kung'arisha dhahabu kwenye duka la sonara. Alikaa chumba cha nyuma, mbele ya mashine yenye gurudumu la kitambaa, akisugua pete na mikufu ya watu kwa sabuni nyekundu ngumu kama tofali. Wekundu ule ulimwingia kwenye kucha, kwenye nyusi, mpaka puani. Kazini walimwita Kucha Nyekundu, na hajawahi kupaka rangi ya kucha maishani mwake. Alijifunza kwa baba yake, yaani Babu, ambaye naye alikuwa sonara wa meza moja, dirishani, ndani ya chumba chake cha kulala.

Pale dukani mizani ndiyo ilikuwa bwana mkubwa. Ukipewa kitu cha kusugua kinapimwa, ukikirudisha kinapimwa. Maji ya kunawia mikono hayamwagwi, yanachujwa kwanza. Na mlangoni mlinzi alikuwa na mizani yake ndogo na daftari. Mfanyakazi akija amevaa dhahabu, anaivua, inapimwa. Jioni anaivua tena, inapimwa. Mlinzi haandiki kama ni hereni au pete. Anaandika mtu na uzito, basi. Utaratibu huo aliuweka tajiri mwenyewe na aliujivunia kwa kila mgeni. Alikuwa akisema watu wanadanganya lakini mizani haijui kudanganya.

Sasa kidani. Babu alimtengenezea Bibi kwa mkono mwaka waliooana: mkufu wa vipete vidogo vidogo, katikati jani la dhahabu, na juu ya jani yakuti nyekundu, kubwa kama punje ya hindi. Nyuma ya lile jani kuna alama mbili za meno. Ni meno ya mama yangu. Alipokuwa anaota meno alitafuna kila kilichoning'inia kwa Bibi, na dhahabu ya Babu ilikuwa safi, laini, ikabonyea. Babu alitaka kuzisawazisha zile alama. Bibi alimwambia akithubutu kuzigusa atapika na kula peke yake.

Leo mama hayupo, na macho ya Bibi yaliziba miaka sita iliyopita. Picha za mama zimejaa ukutani lakini Bibi zinamsaidia nini? Kinachomsaidia ni kidole gumba, nyuma ya lile jani. Anapapasa akizungumza, akisubiri chai ipoe, akisali. Nilimuuliza siku moja anatafuta nini. Akasema, "Sitafuti. Nimeshampata."

Mwaka jana kishikizo cha mkufu kilikatika. Mfanyakazi hakuruhusiwa kushughulikia vitu vya nyumbani kwake, kwa hiyo mama mdogo alikipeleka kupitia mlango wa mbele kama mteja yeyote. Tajiri alikipokea mwenyewe, akakipima, akaandika risiti: kidani kimoja, gramu ishirini na tatu. Alikaa nacho siku tisa kwa kazi ya robo saa. Kiliporudi, Bibi alikishika kabla hata hajakivaa.

"Hiki si changu," alisema.

Mama mdogo alikuwa ameshajua. Jani lilikuwa la mashine, lina kingo kali, nyuma laini kama kijiko. Lile jiwe jekundu lilikuwa kioo. Kesho yake alimfuata tajiri kwa adabu zote. Yule bwana hata hakukasirika. Aliweka kile kidani kwenye mizani na kuigeuza ili aone.

"Ziliingia gramu ngapi?"

"Ishirini na tatu."

"Zimetoka ngapi?"

"Ishirini na tatu, lakini tajiri..."

"Basi. Mama yako haoni, Kucha Nyekundu. Wewe unaona. Soma."

Tulikwenda kituo cha polisi. Walisoma risiti, wakasoma uzito, wakatuambia tumshukuru Mungu hatukupunjwa. Mwezi mmoja baadaye kidani cha Bibi kikatokea kwenye dirisha la duka, kimevishwa shingo ya mahameli, na pembeni kikadi: "Kidani cha marehemu bibi wa mwenye duka." Mama mdogo alipita mbele ya kadi ile kila asubuhi akienda kusugua mapambo ya watu. Tajiri alijua anakiona. Alikuwa na uhakika kwamba mtu anayehitaji kazi hana macho.

Nyumbani Bibi aliacha kula vizuri. Sisemi alikuwa anakufa, sipendi kutia chumvi. Lakini kidole gumba kilikuwa kikizunguka hewani, kwenye kifua kitupu, na yeye mwenyewe hakujua kama kinazunguka. Mimi nilishindwa kumtazama. Mama mdogo alimtazama kwa wiki tatu, na sikumsikia akicheka hata mara moja. Jumatatu moja asubuhi akanyanyuka, akachukua kile kidani cha mashine kwenye droo, akakivaa.

"Unakwenda wapi na takataka hiyo?" nilimuuliza.

"Kazini," akasema, na mwanya ukaonekana.

Mlangoni mlinzi alikipima: gramu ishirini na tatu. Akaandika. Jumatatu ndiyo siku ya kusugua vitu vya dirishani. Tajiri akamkabidhi vyote, kimoja kimoja juu ya mizani, na kidani cha Bibi kikiwemo: gramu ishirini na tatu. Mama mdogo akaingia chumba cha nyuma, akawasha mashine, akavua cha shingoni akakisugua mpaka kikawaka. Cha Bibi hakukisugua. Alikivaa tu, akafunga kifungo cha juu cha gauni. Mchana alirudisha vitu. Tajiri alikuwa anaongea na simu, bega limebana simu sikioni, mikono inapima. Kidani: ishirini na tatu. Akatikisa kichwa kuonyesha ni sawa, akakivisha shingo ya mahameli kwa mikono yake mwenyewe.

Saa kumi na moja jioni mama mdogo alisimama mbele ya mlinzi. Alikivua, kikapimwa, kikaandikwa.

"Ishirini na tatu," mlinzi alisema. "Nenda salama, dada."

"Nawe pia, kaka," akajibu, akatoka kwa mguu wake.

Alipofika nyumbani alimwekea Bibi kidani kwenye kiganja. Kidole gumba kilikwenda moja kwa moja nyuma ya jani, kikasimama. Mimi nikajifanya nakuna nazi wakati hata nazi yenyewe haikuwepo.

"Umechelewa," Bibi alisema mwishowe. Halafu akaomba chakula.

Mngedhani imeisha hapo. Haikuisha, kwa sababu daftari la mlinzi lilikuwa limeanza kuandika ishirini na tatu kwa Kucha Nyekundu, na mtu anayekuja leo na dhahabu na kesho bila dhahabu huwa anaulizwa maswali. Kwa hiyo kila asubuhi Bibi alilazimika kukivua na kumkabidhi mama mdogo, na kila jioni kukisubiri. Kila asubuhi ilikuwa kama anaibiwa upya. Alikuwa akiniuliza saa ngapi sasa, baada ya dakika kumi ananiuliza tena.

Siku ya tano alikuja dukani mama mmoja mwenye uwezo, mteja wa kuaminika, aliyekitamani kile kidani cha dirishani. Alikuja na fundi wake wa vito. Fundi alikiangalia mara moja tu, akasema, "Hiki kioo." Tajiri alipiga kelele za mwizi mpaka watu wa duka la viatu jirani wakatoka nje. Hakuweza kusema kioo kile anakijua, kwamba alikichagua yeye. Alisema tu ameibiwa yakuti ya marehemu bibi yake.

Wakaletwa wapelelezi wawili, kutoka kituo kile kile kilichotuambia tushukuru. Mmoja hakuachana na kioo chake cha kukuzia, mama mdogo akambatiza Lenzi. Wa pili aliandika kila kitu alichokiona, huyo akawa Daftari. Siku ya kwanza walipekua dari, wakamkuta mjusi, na Daftari akaandika: mjusi mmoja. Walikata vipande vya sabuni nyekundu kutafuta yakuti ndani. Walichuja maji ya kunawia, ambayo yalikuwa yameshachujwa.

Halafu Lenzi akaona dirisha la chooni. Ni dirisha ambalo paka mwenyewe angefikiria mara mbili. Lenzi akasema mwizi alipita hapo, na ili kuthibitisha akamwamuru Daftari apite. Kichwa kilipita, mabega yakapita kwa shida, kiuno kikagoma. Walimvuta mbele, wakamvuta nyuma, akawa analia kimyakimya huku nusu yake iko uchochoroni na nusu iko chooni. Aliyemwokoa ni mama mdogo. Alikuja na mafuta ya mashine na sabuni yake, akampaka kiunoni kama anamsugua bangili, akimpoza kwa maneno: "Vuta pumzi, afande. Sasa itoe. Hata dhahabu haitaki haraka." Akatoka mzima, suruali nyekundu tupu.

Mama mdogo akampikia chai. Daftari alipotulia alimtazama shingoni, maana siku hiyo kifungo cha gauni kilikuwa wazi.

"Kidani kizuri hicho, mama."

"Cha mama yangu, afande."

"Mungu amweke," alisema Daftari, akaandika: mng'arishaji amevaa kidani cha mama yake.

Hivyo ndivyo walivyompeleleza. Siku ya pili walimhoji nusu saa, na kwa nusu saa nzima yakuti ilikuwa mbele ya pua zao. Lenzi alikagua daftari la mlinzi, akaona wafanyakazi wote walitoka na uzito walioingia nao, akatangaza kwamba mwizi hawezi kuwa wa ndani. Tajiri alikubali, ingekuwaje asikubali mizani yake? Na yeye alipita mbele ya mama mdogo mara kumi kwa siku. Mlinzi aliniambia baadaye kwamba tangu aanze kazi hajawahi kuona tajiri akimtazama mfanyakazi usoni. Alitazama mikono yao tu.

Asubuhi ya siku ya tatu mama mdogo alinyoosha mkono apewe kidani, Bibi akakataa.

"Sikivui tena," alisema. "Nimemzaa mwanangu mara moja, nikamzika mara moja. Hii ya kumtoa kila siku sitaki."

"Mama, wakikosa kukiona kwangu leo, watauliza."

"Basi leo chukua. Kivae kwa mara ya mwisho. Nami nakuja kukichukua huko huko."

Mama mdogo alikivaa, akatoka. Saa nne nilimfunga mwanangu mgongoni, wakati ule ana miezi minne, nikamshika Bibi mkono, tukaenda. Bibi alikuwa anatembea kama anakwenda kudai nauli.

Tuliingia dukani. Tajiri alikuwa kaunta, wapelelezi wamekaa na kidani cha mashine mbele yao, mlinzi mlangoni.

"Shikamoo, mama," alisema tajiri, lakini uso wake haukuamkia.

"Marahaba. Nimekuja kusikiliza kesi ya kidani."

Akapapasa kiti, akakaa. Lenzi alikuwa anamweleza tajiri kwamba hawezi kuendelea bila jiwe la kulinganishia. Anahitaji yakuti halisi aione pembeni ya kioo. Mama mdogo alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha nyuma, anafuta mikono. Alinitazama, akamtazama Bibi, akakivua kidani.

"Chukua hiki, afande," akasema. "Linganisha."

Lenzi alikiinamia na kioo chake. Alishangaa kama mtoto. "Hii ndiyo yakuti. Halisi kabisa. Na kazi ya mkono hii, tazama vipete." Tajiri akasogea kutazama, na ndiyo mara ya kwanza kutazama kitu kilichotoka kwenye shingo ya mfanyakazi wake.

"Ndicho hicho," alisema. "Ndicho changu. Mkamateni huyu."

Daftari alisimama, akakumbuka kiuno chake, akakaa. Mama mdogo wala hakusogea.

"Kipime, tajiri," alisema.

"Nikipime cha nini?"

"Kipime. Na hicho cha dirishani kipime."

Lenzi ndiye aliyevipima. Ishirini na tatu. Ishirini na tatu. Mlinzi alileta daftari lake bila kuitwa, akafungua Jumatatu ile: kuingia ishirini na tatu, kutoka ishirini na tatu. Na yule Daftari mwingine akapekua kurasa zake, baada ya mjusi, akasoma kwa sauti: mng'arishaji amevaa kidani cha mama yake.

"Mama mwenyewe huyo hapo," alisema mama mdogo. "Sasa nambie kilichopungua dukani kwako."

"Uzito si hoja!" Tajiri alipiga kaunta. "Mtoto mdogo anajua uzito si hoja. Hiki ni kazi ya mkono, kina jiwe, kina... hakiwezi kulipwa na takataka ya mashine eti kwa sababu gramu zimelingana."

Nilimsikia mwanangu akinyonya ngumi yake mgongoni kwangu.

"Rudia, tajiri," mama mdogo alisema polepole. "Rudia afande aandike. Hayo ndiyo maneno niliyokuja kukwambia mwaka jana, ukanionyesha mizani nisome."

Lenzi, ambaye sasa alianza kuwa mpelelezi, akachomoa kile kikadi cha dirishani. "Ni cha marehemu bibi yako hiki?"

"Ndiyo."

"Nyuma ya jani kuna nini?"

"Nyuma? Nyuma hakuna kitu. Dhahabu tupu."

"Mama?" Lenzi alimgeukia Bibi.

"Kuna meno mawili ya mwanangu," Bibi alisema. "Alikuwa na miezi saba. Weka kidole, mwanangu, achana na hicho kioo."

Lenzi aliweka kioo chini, akapapasa kwa kidole gumba. Kisha akavuka duka, akamwekea Bibi kidani mkononi kwa mikono miwili, akarudi kwa tajiri na kumuuliza kama bado anataka kufungua kesi, maana itabidi aeleze vidani viwili vya uzito mmoja vimetoka wapi. Tajiri alisema hapana. Alisema labda amechanganyikiwa, hakuna kilichopotea. Daftari akaandika: hakuna kilichopotea, gramu zimetimia. Msiniulize kwa nini hawakumfunga yeye. Hilo linanichoma mpaka leo na sitajifanya halinichomi.

Mama mdogo alivua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya mizani. "Hiyo nayo uipime," alisema. Tukatoka.

Sasa ana meza yake mwenyewe, upande wa pili wa barabara, imetazamana na duka lile uso kwa uso. Wengi walimshauri aende mbali, akasema hana sababu ya kwenda mbali. Juu ya meza ameandika kwa rangi nyekundu: "Ulicholeta ndicho utakachoondoka nacho." Kidani cha mashine bado kimo kwenye dirisha la tajiri, na watu wakimuita mama mdogo mwizi anawakubalia. "Niliiba," anasema. "Na niliiba vizuri."

Kila Jumamosi Bibi anataka kupelekwa pale, akae kwenye kiti kando ya meza, kidani nje ya nguo. Tajiri akifungua duka hana njia nyingine. Mtu mzima amekaa mbele yake, watu wanaona, lazima aamkie. "Shikamoo, mama." Bibi anamwacha asubiri kidogo, kidole gumba kiko nyuma ya jani, ndipo anaitikia.

Jumamosi iliyopita mwanangu alikuwa mapajani kwake. Ana miezi saba, mate yanamtiririka, anatafuna kila anachokifikia. Akaliwahi lile jani, akaling'ata kwa nguvu zake zote. Nilinyoosha mkono nimzuie, Bibi akanipiga kibao vidoleni.

"Mwache," alisema. "Jina la mama yako analo, mwache aweke na jino lake."

Alipoachia, Bibi alipapasa nyuma, akahesabu kimoyomoyo, akacheka peke yake. Mama mdogo akakichukua, akakifuta mate, na kwa mazoea yake akakiweka kwenye mizani. Gramu ishirini na tatu.